Ukikosa Kipindi, Nani Atakuuliza?

Waliokosa kikao cha Jumamosi pale Nkuhungu wameomba niandike nilichoongea kuhusu kusoma mtandaoni, wengine walikuwa msibani Bahi, wengine walikuwa zamu. Nimeandika kama nilivyosema, nimepunguza tu pale nilipojirudia sana. Zile picha zilizokuwa zinarushwa ukutani nimeziacha, nusu yake hazikuonekana kwa ajili ya jua la dirishani.

Mbukwenyi!

Haya, naona walioitikia vizuri salamu ya Kigogo ni wa viti vya nyuma, hawa wa mbele wote mmekuja na wizara. Karibuni Dodoma, mtajifunza tu. Shikamooni wazee wangu, na ninyi wadogo zangu mambo vipi. Mwenyekiti amesema niongee nusu saa, mimi najijua, mkiona nazidi nyoosheni mikono, sitanuna.

Kwa msionifahamu, mimi sio mwalimu wala sio mtaalamu wa elimu. Nina steshenari jirani na chuo. Naprinti, naskani, nalamineti, natuma watu maombi ya kazi, na kwa miaka sasa watu wanakuja pale niwasajili kozi za mtandaoni. Kwahiyo kuna kitu mimi nakiona ambacho hata hao wenye kozi hawakioni. Namuona mtu siku anayojisajili, uso unang'aa, ananiambia dada safari hii nimeamua. Halafu namuona miezi kadhaa baadae amekuja kuprinti kadi za mchango wa harusi, namuuliza vipi ile kozi, anacheka. Kile kicheko nakijua jamani. Sio kicheko cha furaha.

Mada mliyonipa ni kama elimu ya mtandaoni inakufaa. Naomba tuanze kwa kumaliza ubishi mmoja, maana hapa mtaani watu wanabishana kama inafaa au ni utapeli. Inafaa. Kusoma huku mwalimu yuko mbali sio kitu cha juzi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994, na mkuu wake wa kwanza alikuwa mzee wetu John Malecela, mtu wa hapahapa Dodoma. Kwahiyo Mgogo asije akaniambia haya mambo ni ya wageni! Huko Afrika Kusini chuo cha UNISA kilianza kufundisha watu kwa barua mwaka 1946, na Mandela alimaliza digrii yake ya sheria kwao mwaka 1989 akiwa bado mfungwa.

Sasa tukubaliane hivyo, inafaa. Ila inamfaa nani? Hapo ndio pana kazi. Watu wakija kwangu wanauliza bei, wanauliza muda, wanauliza kama kuna cheti. Hawaulizi swali ambalo mimi naona ndio lenyewe: ukikosa kipindi, nani atakuuliza?

Fikirini darasa la kawaida. Umeamka mvivu, hujaenda. Jioni unakutana na mwenzako Jamatini unasubiri daladala, anakuuliza mbona leo hukuwepo, kulikuwa na kazi ya kundi. Mwalimu anaita majina, kuna nafasi tupu kwenye benchi. Hata mama mwenye nyumba anakuona umelala mpaka saa nne anakugongea, wewe leo huendi? Hao wote hujawalipa, lakini wanakusukuma. Mtandaoni, nani atakuuliza? Kuna barua pepe tu itatumwa, na barua pepe yenyewe inaingia kwenye akaunti uliyofunguliwa na mimi siku ya kujisajili na paswedi yake umeshaisahau. Na msicheke, haipiti wiki bila mtu kuja nimsaidie kuifungua upya.

Na hili sio la Dodoma peke yake. Kuna utafiti wa watu wa MIT, chuo cha Marekani, uliotoka 2019, walichukua kozi ambazo MIT na Harvard walikuwa wanaziweka kwenye mtandao wa edX, kozi nzuri kabisa, walimu wakubwa duniani. Mwaka wa masomo 2017/18, katika wote waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa kama asilimia 3. Watatu kwenye mia! Ukumbi huu mko kama mia, yani mngebaki mwenyekiti, mimi na yule mama aliyeshika mtoto. Ila humohumo kwenye utafiti kuna jambo lingine, waliolipia ili wapate cheti, karibu nusu walimaliza. Hela yao ilikuwa inawauliza. Sasa kabla hujakimbilia kulipa, kumbuka ile nusu nyingine nayo ililipa.

Niwape watu wawili ninaowafahamu, majina nayaacha.

Wa kwanza ni kijana, kichwa kweli, division one, alitaka kujifunza kutengeneza programu za kompyuta. Laptop anayo, ya kaka yake, na bando hana shida nalo. Anaishi peke yake chumba kimoja, kimya kabisa, yani ukimuangalia unasema huyu ndio mwenyewe. Wiki ya kwanza alisoma mpaka saa nane usiku, wiki ya pili hivyohivyo. Wiki ya tatu akapata kazi ya kusimamia vibarua kwenye ujenzi kule Mtumba, akasema nitafidia wikiendi. Mnaijua hiyo wikiendi? Mimi sijawahi kuiona ikifika. Hakuna aliyejua kwamba ameacha, hata mama yake alikuwa anawaambia watu kanisani mwanangu anasoma.

Wa pili ni mama anayeuza nafaka kule Kibaigwa. Kidato cha nne alikipita kwa shida. Alitaka kujua kutunza vitabu vya hesabu vya biashara kwa sababu alikuwa anaona magunia yanatoka na hela haionekani. Simu yake kioo kimepasuka kona ya juu, pale hasa ambapo kuna kitufe cha kufungia, hiyo tu ilikuwa vita. Watoto wanne. Ungeniambia nichague kati yake na yule kijana nani atamaliza, ningechagua vibaya kama ninyi mlivyochagua sasa hivi vichwani mwenu. Mama alimaliza. Kwanini? Alikuwa na binti yake wa darasa la sita. Kila usiku baada ya vyombo mama anaandika alichojifunza kwenye daftari la mistari, binti analichukua anaweka vema kwa peni nyekundu na tarehe, kama mwalimu wake anavyomfanyia yeye shuleni. Siku mama hajaandika binti anaandika "HAJAFANYA" kwa herufi kubwa. Daftari hilo nimelishika mimi, aliniletea nimtolee kopi za kurasa za hesabu. Kuna ukurasa una HAJAFANYA tatu mfululizo, halafu ya nne vema.

Mnaona? Hakuwa na nidhamu kuliko yule kijana. Alikuwa na mtu wa kumuuliza.

Wazee waliopo hapa mtanisaidia, mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio inaitwa Mtu ni Afya. Watu wazima kama milioni mbili walifundishwa mambo ya afya kwa redio nchi nzima, vijijini huko. Redio! Chombo ambacho hakikujui jina wala hakijui kama umesinzia. Sasa walifanyaje mpaka ikafanikiwa? Hawakuacha kila mtu na redio yake kitandani. Waliweka vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, mnakaa chini pamoja mnasikiliza, kipindi kikiisha mnajadili mtafanya nini. Usipokuja wanajua. Wale waliopanga ile kampeni waliijua hii shida miaka arobaini hivi kabla ya Zoom, na mimi huwa nashangaa kwanini watu wa kozi za siku hizi hawajaenda kuwauliza wazee wetu.

Na mwaka 2020 si tuliona wenyewe? Shule zilifungwa Machi 17 kwa ajili ya Corona, kidato cha sita na vyuo vikarudi Juni 1, wadogo mpaka Juni 29. Miezi yote hiyo wazazi walijaa kwangu kuprinti mitihani ya zamani. Nyumba yenye dada mkubwa au shangazi wa kusema leta nione, mtoto alifanya. Nyumba isiyo na mtu huyo karatasi zilifungiwa maandazi. Nimezikuta mwenyewe kwenye maandazi, naijua chapa ya printa yangu.

Kwahiyo ukiwa mtu unayehitaji kuulizwa, na wengi wetu tuko hivyo, hiyo sio aibu na haimaanishi mtandaoni hakukufai. Inamaanisha umtafute wa kukuuliza kabla hujalipa. Mke, mtoto, jirani, mwenzako wa kazini mnayesoma kozi moja. Usipompata, mimi nakushauri bila kumung'unya, nenda darasani. Vyuo tunavyo, CBE ipo, Mipango ipo, St John's ipo, UDOM ile pale kilimani, mji huu una madarasa mpaka yanagongana.

Sasa tuje kwenye hela na mtandao, maana hapa watu huwa wanadanganyana.

Utasikia kozi ni bure. Sawa kozi ni bure, bando je? Saa moja ya video ya ubora wa kawaida wa simu inakula kama nusu GB, ukipandisha ubora picha ing'ae inapita GB moja. Chukua kozi ya saa tatu kwa wiki, wiki kumi na mbili, hizo ni saa thelathini na sita, GB kumi na nane hivi kwa ubora wa kawaida. Hapo hujarudia video ambayo hukuielewa, na utarudia, na hujahesabu watoto wakishika hiyo simu wakaangalia katuni. Toa simu yako sasa hivi angalia bando unalonunua kwa wiki ni la kiasi gani. Si unaona?

Lakini msikate tamaa. Kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi, kijijini huko upande wa Kondoa, kwao mtandao unapatikana ukisimama karibu na zahanati, ukikaa unapotea. Kila akishuka mjini kufuata mambo ya benki anapita kwangu, anakaa pale kwenye benchi la nje anadaunlodi video zote za wiki zinazofuata kwa ubora wa chini kabisa, sura ya mwalimu haionekani vizuri lakini sauti iko safi, anaprinti notsi, anafunga mzigo anarudi. Anasoma usiku bila intaneti. Amefanya hivyo kozi nzima. Mtandao mbovu haukumshinda kwa sababu kozi aliyoichagua ilikuwa inaruhusu kudaunlodi.

Hapo ndio mkamate, ulizeni mapema: vipindi vimerekodiwa au ni mubashara? Kwasababu kozi ya mubashara, umeme ukikatika saa hiyo, basi. Na kama chuo kiko Marekani, kipindi cha saa sita mchana kule New York kwetu huku ni saa moja au saa mbili usiku kutegemea na majira yao, ndio muda huohuo unasonga ugali, watoto wanaoga, na baba anaangalia taarifa ya habari. Mtu wa kule aliyepanga hiyo ratiba hana habari na ugali wako.

Na simu. Simu inatosha kusoma, haitoshi kuandika. Asaimenti ya kurasa kumi kwenye simu utaandika, ila mgongo na macho vitakudai. Kama kozi ina maandishi mengi, tafuta pa kushika kompyuta walau mara mbili kwa wiki, hata kwa kukodi kwa saa. Sijipigii debe. Haya, najipigia kidogo.

Kingine, cheti. Hapa nitaongea kwa ukali kidogo, mnisamehe.

Alikuja kaka mmoja, mtu mzima ana kazi yake, ameleta flash, anataka nimprintie digrii ya uzamili. Yani cheti chenyewe, nikiprinti mimi! Aliletewa kwa barua pepe, akaambiwa achapishe kwenye karatasi ngumu ya rangi ya maziwa. Muhuri ukiukuza unaona vidoti vidoti, umekopiwa mahali. Alishalipa kwa dola, kwa awamu. Nikamuuliza chuo kiko wapi, akanionesha tovuti, kuna picha ya jengo zuri na wanafunzi wanacheka kwenye majani. Mtaa gani? Hajui. Mitihani alifanyia wapi? Hakufanya, walimtathmini kwa uzoefu wake wa kazi. Alipokipeleka kitambuliwe kikagoma, na pale ofisini kwao sasa wanamuita Profesa.

TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, ipo kwa ajili hiyo. Cheti cha chuo kikuu cha nje kinapelekwa kwao kitambuliwe ndipo kikusaidie hapa nchini. Vyeti vya ngazi ya chini na diploma muulizeni NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi. Swali ni moja tu na linaulizwa kabla ya kulipa: chuo hiki na programu hii mnaitambua? Ukiuliza baada ya kulipa hiyo inaitwa pole.

Na watumishi, ninyi wa mbele, kuna hatua mnaruka. Nendeni kwa afisa utumishi wako kwanza, umuulize muundo wa utumishi wa kada yako unasema nini, sifa gani inakupandisha daraja. Nimewasajili watu kozi fupi za nje nzuri tu, wamejifunza, wakaja kukasirika kwamba cheti hakijawaongezea mshahara. Nani aliwaambia kitaongeza? Kozi fupi inakupa ujuzi, na ujuzi una faida yake, yule mama wa Kibaigwa hakuhitaji cheti, alihitaji kujua hela ya magunia inaenda wapi, na sasa anajua, ilikuwa inaenda kwa shemeji. Lakini kama unatafuta daraja, anzia kwa afisa utumishi, sio kwangu.

Kazi za mikono sitakaa nazo sana. Uuguzi, uchomeaji, umeme wa majumbani, hizo utasoma nadharia mtandaoni lakini mgonjwa na nyaya vinataka mkono wako na mtu aliyesimama nyuma yako. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wapo hapahapa mjini. Mtu akikwambia atakufundisha kuchoma sindano kwa WhatsApp, mkimbie.

Kiingereza nacho tusikifiche. Kozi nyingi ni za Kiingereza, tena cha haraka, cha mtu anayeongea na wenzake. Wengi tumesoma sekondari kwa Kiingereza lakini mwalimu alikuwa anatuchomekea Kiswahili tukielemewa, si ndio? Kwenye video hakuna wa kukuchomekea. Ila kuna vitu viwili video inavyo ambavyo mwalimu wetu hakuwa navyo: unaweza kumpunguza mwendo, na unaweza kumrudisha nyuma mara saba bila yeye kukasirika. Washa maandishi ya chini, punguza mwendo. Kama hata hivyo unaambulia nusu, tafuta kwanza kozi ya Kiingereza, hiyo kozi kubwa haikimbii.

Sasa mtu utajipimaje? Zile fomu za kujipima zinazouliza "je, una nidhamu?" mimi siziamini, nani ataandika hapana. Fanya hivi. Chukua kozi ya bure, fupi, ya kitu unachokitaka kweli. Isome wiki mbili nyumbani kwako, kwa bando lako, saa zako zilezile za kawaida, usiombe likizo wala usimpeleke mtoto kwa bibi. Ukiomba likizo umeshajidanganya, kwasababu mwaka mzima hutakuwa likizo. Baada ya hapo angalia umefika wapi. Umefika nusu? Endelea, lipa. Umefungua mara mbili tu? Sawa, umejijua kwa gharama ya vocha, kuna watu wamejijua kwa gharama ya ng'ombe.

Nimeona mikono, tuchukue maswali.

Dada wa kitenge cha njano ameuliza, mume wangu akiona nimeshika simu usiku anasema nachati, nifanyeje. Dada, hilo ni swali kubwa kuliko bando na nimewahi kuona limeua masomo ya watu. Usisomee chumbani ukimgeuzia mgongo. Weka simu mezani, sauti ya nje, yeye yupo hapo. Siku mbili tatu atanuna, siku ya nne atakuuliza huyo mzungu amesema nini hapo. Mpe kazi ya kukuuliza kila jioni umefika wapi. Wanaume kuuliza umefika wapi wanapenda.

Kijana wa kofia ameuliza anunue laptop kwanza au asajili kwanza. Wala usinunue. Soma zile wiki mbili kwanza, laptop ngapi nimeziona Dodoma hii zinatumika kuwekea miziki kwenye sherehe.

Na huyo nyuma aliyeuliza kama Jumapili nafungua: nafungua saa nane, nikitoka kanisani. Ila mkija kusajiliwa njooni na vyeti vyenyewe mkononi, sio picha ya cheti iliyopigwa usiku kwa tochi ikarushwa WhatsApp mara tano, zile mashine yangu haisomi hata jina.